Ukurasa Usio na Picha

Kwenye treni ya asubuhi ya kwenda Ruiru, mwanamke mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa amepakata gauni jeupe la harusi. Kijana aliyekaa mbele yake akamuuliza kama ni lake. "Ni la mteja," akasema. "Mimi ni fundi tu, naitwa Selpha. Jana nusura nilie. Cherehani ilikuwa inakunja uzi wote chini ya kitambaa, na harusi ni leo."

Alikuwa ametafuta msaada kwa simu. Website ya kwanza ilileta video, ya pili matangazo, simu ikaganda. "Halafu nikapata moja ya maandishi matupu, ikafunguka hapo hapo! Mzee fulani ameandika kwamba uzi wa juu hautungwi mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ukiwa chini. Nikainua mguu, nikatunga upya, ikashona. Niliimba! Halafu nikaendelea kusoma vile alishonea bibi yake koti, ikatoka na mikono miwili ya kushoto."

Kijana alisema anaitwa Githae na kazi yake ni kutengeneza website. Hakufurahi. "Hiyo ni bahati, mathe. Kuna za maandishi tu na ni upuzi."

"Ziko. Lakini mtu asiye na picha lazima awe na la kusema."

"Picha ya huo mguu ingekusaidia haraka."

"Kama ingefunguka," Selpha akasema, akicheka kama mtu aliyelala vizuri.

Treni ikasimama Ruiru. Selpha akashuka ameinua gauni juu ya vichwa vyetu, Githae nyuma yake akishika pindo lisiguse chini, bado akimweleza habari za picha.