Kaka Yake wa Techiman

Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Asubuhi hii upepo wa vumbi umeikausha Kumasi hadi midomo inapasuka. Katika basi la Techiman, mhubiri alisimama kama ilivyo desturi ya stendi yetu: huhubiri abiria wakiingia, kisha hushuka getini kabla ya safari kuanza.

"Mkristo asiyeshuhudia ni taa iliyofunikwa!" alipaza sauti.

Mama mmoja muuza viazi vikuu, aliyeketi mbele yangu, akamkatiza. "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Techiman, mama."

"Kumbe! Na huko umemshuhudia nani?"

Mhubiri akakohoa. Akasema ana kaka mmoja tu, Yaw Badu, mgema tembo, mgonjwa tangu mavuno. "Nikimtajia Yesu hunicheka, mama. Ananikumbusha nilivyokuwa nikiiba kuku."

"Sisi hatukucheki kwa kuwa hatukujui," mama akasema. "Habari za kuku hatukuwa tumezisikia."

Basi zima likaangua kicheko. Nilifumba macho nisali, lakini masikio hayana kope.

"Huyo kaka atapona?" mama akauliza, sasa kwa upole.

"Wanasema hapana."

"Basi mahubiri yako hufika Techiman kila siku, baba. Wewe ndiye unayeshukia getini."

Dereva akasimama getini, mlango ukafunguliwa. Mhubiri akaweka mguu mmoja chini, akageuka. "Kesho baada ya ibada nitapanda basi hili, na sitashuka hapa. Acha anicheke."

"Semeni Amina!" mama akatuamuru.

Tukasema, hata dereva.