Historia ya Marehemu Wahyuningsih, Aliyesoma Sukari Katika Majani

Ndugu waombolezaji, maneno haya yameandikwa na Prasodjo, mume wa marehemu, na yanasomwa na mimi, Suryadi, mdogo wake marehemu, nami nimeombwa nisiruke sentensi hata moja.

Theresia Wahyuningsih alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 mjini Wates, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1975, akapata shahada ya kilimo mjini Yogyakarta mwaka 1981, na tarehe 1 Februari 1982 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mahindi karibu na Malang, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2017.

Mwaka 1996 aliondoa magunzi machanga kwenye mistari minne ya mahindi, na wakati kila mtu alitarajia majani yasiyo na mtoto wa kulisha yabaki kijani, yalianza kugeuka njano siku kumi kabla ya mengine. Wenzake walishuku kwamba hakumwagilia, naye akarudia kwa misimu mitatu, akaonyesha kwamba sukari iliyokosa pa kwenda hurundikana ndani ya jani, na jani lililokomaa likijaa hivyo huzima vinasaba vya kutengeneza chakula na kuwasha vile vya kuzeeka, ilhali jani changa lenye sukari ileile huendelea na kazi, kwa kuwa umri wa jani nao husikilizwa. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyowakatiza: "Usiniulize nani kaitia hiyo sukari, niulize imekwama wapi."

Alifunga ndoa na Prasodjo, mwalimu wa elimu ya udongo, tarehe 24 Juni 1984, wakajaliwa mtoto mmoja, Ratri, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1987.

Tarehe 3 Novemba 2022, baada ya wiki kadhaa za kiu, alipimwa akakutwa na kisukari, akapewa vidonge na kukatazwa vitamu. Mume wake alinunua kipimo na daftari, akampima kila asubuhi, na namba zilipozidi kupanda huku mwili ukipungua, alianza kunusa vikombe, kupekua mifuko ya nguo zake, na kuangalia dirishani kila mara jirani yao, Bi Sumiyem, anayeuza klepon, vitamu vya unga wa mchele vyenye sukari ya mnazi ndani, alipopita mbele ya nyumba. Marehemu alicheka, akasema, "Jamani, uzeeni ndiyo nimeolewa na polisi."

Tarehe 19 Januari 2023 mume alimsimamisha Bi Sumiyem langoni, mbele ya wanunuzi wake, akamwambia, "Unamlisha mke wangu sumu kwa siri." Bi Sumiyem alijibu, "Baba Ratri, mwezi wa tatu huu namletea mkeo mchicha mtupu, klepon ananifukuza nazo mwenyewe," kisha akabeba sinia lake, na hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Marehemu alimsihi mume wake akaombe radhi, naye akajibu kwamba daftari halisemi uongo.

Daftari halikusema uongo, lakini lilikuwa likisomwa vibaya. Tarehe 6 Aprili macho ya marehemu yalikuwa ya njano, akapelekwa hospitali, ikaonekana uvimbe wa saratani kwenye kongosho, uliokuwa umeziba njia ya nyongo, na ndio uliokuwa ukipandisha sukari tangu mwanzo. Miezi mitano mume wake alimtafuta aliyeitia hiyo sukari, asiulize imekwama wapi. Daktari alisema pengine kuwahi kusingebadilisha mengi, na hilo neno "pengine" mume wake anabaki nalo mwenyewe. Marehemu alifariki tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ratri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kituoni waliokuja na mabua mabichi ya mahindi, na majirani waliopika tangu jana.

Ni desturi yetu, kabla jeneza halijainuliwa, kuwaombea marehemu msamaha kwa makosa yao. Kwa marehemu huyu mume wake hana la kuombea. Anajiombea yeye, mbele ya watu kama alivyokosa mbele ya watu, na anamwomba Bi Sumiyem, aliyesimama nje ya lango, aingie, akae kwenye kiti kilicho wazi karibu na jeneza, kwani tulikiacha kwa ajili yake, na hatutaondoka mpaka aingie.

Wahyuningsih, mgeni wako anaitwa. Pumzika kwa amani.