Zebedayo Aliyerudi Mhezi kwa Pikapu Yake

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani wa Mhezi, na ninyi mliopanda kutoka Same kwenye utelezi huu, poleni na asanteni, mimi ni Eliezeri, mdogo wake marehemu, nami nimepewa na familia kazi ya kumwelezea kaka yangu, ambaye angekuwa hai angeniambia nifupishe.

Marehemu Zebedayo alizaliwa hapa Mhezi tarehe 14 Machi 1956, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1971, na mwaka 1975 akateremka tambarare kwenye shamba la mkonge, ambako alijifunza umeme wa magari akiwa amelala chali chini ya malori mabovu. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Jenoveva, wakajaliwa watoto watatu, Beatha, Evance na Veneranda, ambao wote wako hapa, na mwaka 1989 akafungua gereji yake Same mjini, yenye sharti moja tu, kwamba waya usiojulikana unakokwenda haukatwi, unafuatwa kwa mkono mpaka mwisho wake, hata kama mwenye gari amenuna. Alikuwa anachosha, nasema kweli, ila kazi yake ilidumu.

Tarehe 2 Februari mwaka huu wa 2025 alipatwa na kiharusi, kikamlegeza upande wa kulia na kumnyima kauli, na baada ya madaktari kufanya yote waliyoweza, mwanzoni mwa Aprili walituruhusu tumrudishe nyumbani kwake Same. Lakini yeye alikuwa ametuambia tangu akiwa mzima kwamba anataka kufia Mhezi, na sasa kila asubuhi alikuwa anaonyesha milima kwa mkono wa kushoto, nasi tulikuwa tunaona anavyopungua. Masika yalikuwa yameharibu barabara, magari ya kukodi yalikataa, ikabaki pikapu yake mwenyewe iliyozoea mlima huu, nayo ikipigwa stata inazunguka tu bila kuwaka.

Vitus, fundi mwenzake wa gereji, akaingia chini ya dashibodi, akakuta nyaya za kila rangi na kila umri, za redio iliyokwisha kuuzwa, za honi iliyokwisha kufa, za taa ambayo hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu fundi wetu alitengeneza magari ya watu wote isipokuwa lake. Baadhi yetu tulitaka zikatwe zote zifungwe upya, Vitus akakataa, akasema gari la Zebedayo litatengenezwa kwa sharti la Zebedayo. Tukaenda kumuuliza mgonjwa, akamnyooshea mkewe kidole, tukadhani ana njaa, tukamletea uji.

Kesho yake Vitus aliufuata waya mmoja mwembamba mpaka upande wa abiria, akakuta karibu na miguu, chini ya zulia, swichi ndogo ya kuzuia wezi, inayokata mafuta yasifike kwenye injini. Hapo ndipo shemeji yangu Jenoveva alipokaa chini akacheka huku analia, kwa kuwa miaka yote marehemu, kabla ya kuwasha gari, alikuwa anainama kumnyooshea zulia la miguuni pale kwenye kiti chake cha abiria, naye akidhani anabembelezwa. Akasema, "Kumbe nilikuwa nadekezwa na swichi," kisha akaongeza kwamba zulia lilikuwa linanyooshwa kweli, kwa hiyo yeye hadai kitu.

Tarehe 17 Aprili tulimpandisha, mkewe akiwa amemshika begani njia nzima, na tulipofika uani kaka yangu alilia, nasi tukalia naye. Aliishi hapa akiwa anaota jua asubuhi na kuwasikia majirani wakimwamkia, mpaka tarehe 9 Mei alipofariki kitandani kwake, mkono wake wa kushoto ukiwa mkononi mwa Jenoveva.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliojaza mawe kwenye makorongo ili gari lipite, wanakwaya, na mafundi wote wa Same, na kwa namna ya pekee Vitus, kwani mkono wako ndio uliotufikisha hapa, na hatuna cha kukulipa.

Kaka Zebedayo, tulikuletea uji ulipotuonyesha njia, ukaunywa wote bila kutukasirikia, asante kwa hilo pia. Pumzika kwa amani, hapa hapa ulipopataka.