Risala ya Wakulima wa Ukingoni kwa Mgeni Aliyekuja Kupanda Mti

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi chini ya hema, na majirani wenzetu mliosimama juani,

Karibu. Hatukulelewa kumnunia mgeni, hata siku ambayo wenyeji tuna machungu, na leo tunayo. Tuliagizwa tuipeleke risala hii ofisi ya halmashauri ikasomwe kwanza. Ikarudi ina mistari myekundu ukurasa mzima, na pembeni pameandikwa: "Wekeni shukrani." Shukrani tunazo na utazisikia, lakini hatutampa asiyestahili. Tunakusomea ile tuliyoiandika wenyewe. Anayesoma ni katibu wa kikundi, fundi cherehani, na akizimiwa kipaza sauti, koo analo.

TULIKOTOKA

Hapa ulipoketi, nyuma ya zahanati, palikuwa jalala. Matairi, chupa, betri, nepi, na kijito katikati chenye rangi ya chai iliyolala. Sista wa zahanati ndiye aliyeanza, miaka sita iliyopita. Alikuwa amechoka kuwagawia vidonge watu wenye presha, wasiopata usingizi, wajane waliojifungia ndani, huku akijua dawa yao haimo kabatini mwake. Akawaambia waje na jembe. Tulikuja tisa. Tulizoa taka miezi minne kabla ya kupanda mche wa kwanza, na makovu ya vioo tunayo mikononi mpaka leo. Halmashauri haikutuletea hata toroli.

TULIYOYAFANYA

Sasa tuko themanini na watatu. Udongo huu tumeutengeneza sisi, kwa maganda ya jikoni, majani makavu na samadi, maana uliokuwepo haukuotesha hata magugu. Dawa za sumu hatupigi. Wadudu tunapambana nao kwa majivu, pilipili na kuwaokota kwa vidole. Kingo za kijito tulizipanda matete, maji yakatulia mpaka mawe ya chini yakaonekana. Nyuki walikuja wenyewe, sisi tukafuata na mizinga. Kila nyumba ya mwanachama inakula mboga, na fungu la wagonjwa halijawahi kukosekana. Wapo waliofika hapa na fimbo wakaondoka bila fimbo. Tano ziko stoo, na wenyewe hawazidai.

Lakini tukueleze habari za mtu mmoja, kwa sababu ndiye aliyetufanya tuandike.

Ni dereva mstaafu wa lori. Tunamwita Mzee Breki, kwa kuwa hana haraka na lolote. Alipofiwa na mkewe aliacha kusema. Hatusemi alikuwa mkimya tu. Hakutoa neno karibu mwaka mzima, ameketi kitini ameelekea ukuta. Binti yake, msusi na mwanachama mwenzetu, akamleta hapa amemshika mkono. Wiki saba alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akitutazama. Wiki ya nane mmoja wetu alikuwa anapanda miche ya nyanya, na mzee akasema, "Unaibananisha." Binti yake aliweka jembe chini akalia mbele yetu sote.

Kuanzia siku ile kitalu cha miti kikawa chake. Miti sitini na miwili ya ukingo wa kijito aliiotesha yeye, mbegu moja moja, na mingine ilishampita kimo. Alianza kutusimulia safari zake. Alianza hata kutugombeza, na sisi tukafurahi kugombezwa.

YALIYOTUPATA ALHAMISI ILIYOPITA

Saa tatu asubuhi liliingia greda. Mbele yake alitembea afisa mazingira wa halmashauri. Mgeni rasmi, cheo hicho kitamke tena kimoyomoyo: afisa mazingira. Alituambia kwamba unakuja kupanda mti wa kumbukumbu, kwa hiyo panahitajika nafasi ya hema na ya magari. Tulimwomba siku tatu tuvune na tuhamishe mizinga. Akatupa saa moja. Tukamwonyesha uwanja mtupu ng'ambo ya barabara. Akasema kule kuna vumbi, picha hazitapendeza.

Mzee Breki akatoka kitaluni, taratibu kama kawaida yake, akaenda kusimama mbele ya greda. Akamwambia dereva, "Mwanangu, nimeendesha mashine kubwa miaka thelathini. Hiyo ina breki. Zikanyage."

Dereva yule alizima injini, akashuka, akamkabidhi afisa ufunguo, akaenda zake kwa miguu. Hatumjui jina. Shukrani mlizotaka tuziweke, tumemwekea yeye.

Afisa alipiga simu, akaletwa dereva mwingine. Walinzi wawili wakamshika mzee makwapani, miguu ikiburuzika, wakamtua kando ya uzio kama gunia. Miti arobaini na mmoja iling'olewa akiwa anaangalia. Mizinga miwili ilipondwa, nyuki wakiwa ndani. Mboga zilizokuwa zipelekwe zahanati Ijumaa zilifukiwa chini ya kifusi mnachokikanyaga sasa.

Tangu Alhamisi mzee hajatamka neno. Amerudi kwenye kiti chake. Binti yake yuko hapa, na tunawaomba msimtafute kwa macho.

Mgeni rasmi, muda mfupi uliopita umetangaziwa kwamba halmashauri "imetuboreshea mazingira", nawe ukapiga makofi. Hatukulaumu, ulikuwa hujui. Sasa unajua.

MAOMBI

Ofisi ilitushauri tuombe mbegu na mabomba ya kumwagilia, yaani tupakwe mafuta kwa mgongo wa chupa kisha tucheke. Hatuombi hayo. Tunaomba eneo hili liandikwe kuwa ni la kikundi, kwa karatasi yenye mhuri, kwani kwa mdomo tumepigwa danadana miaka sita. Tunaomba pia afisa aliyeleta greda asimame hapa, leo, aeleze mwenyewe alichokifanya. Tunamwona, ameketi kiti cha tatu.

Ombi la mwisho ni lako peke yako. Pale kwenye utepe limechimbwa shimo, na mche wa mti wa mapambo umeletwa kwa gari. Shimo hilo liko katikati ya kitalu cha Mzee Breki. Tunakuomba usiupande. Ukiupanda tutaung'oa, na tunakutamkia mchana kweupe asije akakamatwa mtu mwingine.

Badala yake inuka, uubebe mche huo mwenyewe, tufuatane hadi nyumbani kwake. Ni mlango wa nne baada ya lango la zahanati. Wapiga picha wabaki hemani. Piga hodi, keti, umweleze kwamba miti yake iling'olewa kwa ajili yako, umwombe radhi, kisha umuulize mche huu upandwe wapi. Asipokujibu, usiondoke. Ratiba yako tumeiona: baada ya hapa ni chakula cha mchana. Chakula kitapoa, na wewe utakuwa umekaa na mtu.

Mwenyezi Mungu akulinde uendako, akujalie afya wewe na jamaa zako, na leo akutie ujasiri wa kufika kwenye mlango huo.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Ukingoni