Usifukue Tuta Kabla ya Msimu

Bwana asifiwe! Asifiwe na waliolala vizuri jana, na asifiwe zaidi na waliokesha wakitazama dari! Mimi Mama Ester nimeomba nafasi hii nishuhudie, na nitasema kwa mpangilio, kama ilivyotokea, bila kuongeza chumvi.

Ndugu zangu, wengi mnanijua hapa Sumbawanga kama mama anayesinzia kwenye mkesha kabla hata mahubiri hayajaanza. Mnanicheka, najua! Lakini kuna wakati macho yangu yalisahau kabisa kufumba.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Mume wangu, fundi mwashi wa serikali, alihamishwa kutoka Mbeya kuja kujenga shule katika kijiji kipya huku Ufipa, upande wa kuteremkia Muze. Wenyeji nao walikuwa wageni pale, wametolewa kwenye vijiji vyao vya zamani. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wageni pamoja, na mimi nilikuwa mgeni peke yangu. Kifipa sikukijua. Mtoto wangu wa kwanza, Ester, ndiyo kwanza anatambaa.

Usingizi uliniacha kidogo kidogo. Nikizima tu koroboi, baraza linafunguliwa kichwani. Mbona wale akina mama walicheka nilipoondoka kisimani? Nilimwamkia vibaya nani? Je, Baba Ester akianguka kwenye jukwaa la ujenzi? Mama yangu kule Mbeya mbona kimya? Nikifika mwisho, narudi mwanzo. Nilifunga, nikaomba, nikakemea mpaka sauti ikakauka. Vidonge vya zahanati vilinilaza siku chache, navyo vikashindwa. Nilijua sauti ya kila jogoo kijijini na mwenye jogoo!

Alfajiri balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akigonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo, kutuita shamba la kijiji. Sikuchelewa hata mara moja. Mtu asiyelala atachelewaje? Mwenyekiti alinisimamisha mkutanoni akasema, "Igeni mfano wa mama huyu!" Ndugu zangu, watu wanaweza kuupigia makofi ugonjwa wako!

Basi siku moja mchana nilikuwa nimekaa jikoni nikikoroga uji wa ulezi. Usingizi ulionikataa usiku ukanikamata pale pale, mwiko mkononi. Niliamshwa na harufu ya pamba inayoungua. Ester alikuwa ametambaa hadi kwenye mafiga, ncha ya nguo yake imeshika moto, na baba yake anaizima kwa viganja vyake. Mtoto hakuungua, sifa kwa Bwana! Viganja vya baba yake ndivyo vilivyoungua.

Baba Ester hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Lori la vifaa likija baada ya mavuno," akasema, "utapanda na mtoto urudi kwa mama yako. Ukipona utarudi."

"Nisipopona je, Baba Ester?"

Akatazama viganja vyake.

Hapo ndipo nilipoamua. Kwenye lori lile sitapanda! Nyumba yangu ilikuwa hapa, ndoa yangu ilikuwa hapa, na Mungu niliyemwomba Mbeya alikuwa hapa pia.

Sasa sikilizeni jinsi alivyonijibu. Wafipa, mvua zinapoelekea kwisha, hukusanya nyasi na kuzifunika kwa udongo, likawa tuta la duara kama kichuguu. Huliacha kiangazi chote nyasi zioze. Msimu mpya ukifika hulibomoa, wakatawanya ule udongo mweusi na kupanda ulezi. Nami nilitengeneza matuta yangu kwa kuwaiga majirani. Lakini nilivyokuwa na wasiwasi, kila nikipita nilichimba kwa mkono nione kama nyasi zimeanza kuoza. Hazikuoza! Zilikauka zikawa kama za kuezekea.

Asubuhi moja nikiwa nimepiga magoti, mkono ndani ya tuta hadi kwenye kiwiko, nikasikia kicheko nyuma yangu. Alikuwa Mama Paskali, jirani yetu, Mkatoliki, rozari shingoni na jembe begani.

"We Mama Ester! Umezika mtu akiwa hai, unamsikiliza kama anapumua?"

"Shikamoo, mama. Naangalia tu kama zimeoza."

"Marahaba. Zitaoza saa ngapi na wewe kila siku unaziingizia hewa? Funika, mwanangu! Ukishafukia, kazi si yako tena."

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye udongo ule nikalia. Nikamweleza yote. Sikuwahi kumwambia mtu zaidi ya mume wangu. Nikamuuliza hata habari ya kisimani, kwa nini walinicheka.

"Tulikucheka? Tulicheka ndoo yako! Inavuja njia nzima, unafika kwako na nusu. Tukasema, huyu wa Mbeya anamwagilia barabara ya kijiji!"

Miezi yote ile nilikesha kwa ajili ya ndoo!

Tangu siku hiyo, kila jioni kuku wakiingia bandani, nilikaa naye kwenye kizingiti chake. Nilitaja mambo yangu moja moja. La kufanyiwa kazi, kama ndoo, tulilipangia siku. Lisilo na dawa mkononi mwetu tulimkabidhi Mungu, yeye kwa sala zake na mimi kwa zangu. Kisha yeye alipiga kiganja chini kama anayeshindilia udongo. "Limefukiwa. Nenda kapike."

Sitawadanganya kwamba nililala siku ile ile. Mawazo yalikuja kama kawaida. Lakini kila lilipokuja nilisema, "Bwana, hili limefukiwa," nikaondoa mkono. Likirudi, nasema tena. Nilikataa kufukua! Nilishindwa, nikarudia, nikashindwa, nikarudia.

Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, lori linatarajiwa wakati wowote, asubuhi moja nikafumbua macho na jua limo ndani ya nyumba. Nje balozi anafoka.

"Fundi! Mkeo yuko wapi? Rimu nimeigonga mpaka mkono umekufa ganzi!"

Nikamsikia Baba Ester mlangoni. "Punguza sauti, balozi. Amelala."

"Amelala?"

"Amelala! Niandikie mimi hiyo adhabu."

Adhabu ilikuwa kulima ngwe ya ziada. Niliilima mwenyewe, nikiimba, na Mama Paskali akaniitikia kutoka ngwe ya pili. Haleluya!

Lori lilipokuja lilishusha saruji na mabati, likaondoka bila mimi. Na mvua zilipoanza nilibomoa matuta yangu. Niliyoyafukuafukua yalitoa nyasi kavu. Niliyoyafunika nikayaacha yalitoa udongo mweusi wenye joto, ulezi ukakubali.

Ndugu yangu, labda uko hapa na kuna tuta unalolichimba kila ukizima taa. Mtafute mtu mmoja umwambie kabla jua halijazama. Kisha mkabidhi Yesu tuta lako, uondoe mkono wako. Yeye hasinzii wala halali, ili wewe ulale. Mwamini!

Namshukuru Mungu, namshukuru Baba Ester, na Mama Paskali popote alipo. Nikisinzia kabla ya wimbo wa mwisho, tafadhali msiniamshe. Huo nao ni ushuhuda.