Mama Kavugho Florentine na Majina Kumi na Moja ya Gari la Beni

Wapendwa, mimi ni Syauswa, mdogo wake marehemu. Familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Mama Kavugho Florentine alizaliwa Masereka tarehe 17 Mei 1962, katika nyumba ya wakulima wa viazi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Musienene, akapata diplome ya uuguzi mwaka 1983. Tangu 1984 alihudumia wagonjwa wa kifua kikuu katika kituo kimoja cha afya hapa Butembo.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Mwalimu Benoît, aliyetumwa kwetu kutoka Kisangani. Mama hakukubali dirisha la chumba lifungwe, hata baridi iwe kali namna gani. Shemeji yetu amelala na koti na kofia miaka kumi na tano. “Nilioa bibi, nikaoa na baridi yake,” alizoea kusema. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwanzoni mwa 2001 aliona jambo lililomtia wasiwasi. Wagonjwa wake wapya wanne, wanawake wa mitaa mbalimbali, wote walikuwa wachuuzi waliopanda kila juma gari moja la Butembo–Beni. Gari hilo liliwahi kupigwa risasi njiani, na tangu siku hiyo madirisha yake yalipigiliwa mbao. Mama alikwenda kulitazama. Dereva, Bwana Nzanzu, alikuwa akikohoa.

“Tangu lini, papa?”

“Ni mavumbi tu, mama. Miezi ine.”

“Toa hizi mbao. Batu bako banavuta pumuzi yako, na haina pa kutokea.”

“Mais mama, masasi iliingia palepale. Nikitoa, nani atapanda?”

Vipimo vilionyesha kwamba dereva ni mgonjwa. Dawa zilikuwa zimeisha Butembo. Zilibaki Beni, na gari lake ndilo pekee lililothubutu kupita. Alhamisi tarehe 14 Juni Mama alikubali kwenda naye, mradi mbao zitolewe. Alikuta abiria kumi na mmoja wamekwisha kukaa. Aliwaeleza ugonjwa waziwazi. Hakushuka hata mmoja.

Kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani, milio ya bunduki ilisikika mbele. Askari alipiga mlango kwa kitako cha bunduki.

“Kanga! Funga yote! Mutu asishuke!”

“Chef, iko mugonjwa ndani. Acha hata dirisha moja.”

“Mama, unatafuta kufa?”

Mbao zilirudishwa. Walikaa humo saa tano, jasho likitiririka ukutani, dereva akikohoa ndani ya kitambaa. Mama alitoa kaye yake, daftari lake la kazi, akaandika jina la kila abiria.

Miezi iliyofuata aliwatafuta kwa miguu, kutoka Lubero hadi Beni. Aliwapata wanane. Watatu kati yao walikuwa wameambukizwa, wakaanzishiwa dawa.

Mwezi wa Oktoba naye alianza kukohoa. Matibabu yake yalikatika mara mbili, kwa sababu barabara ilifungwa na vita na dawa hazikufika. Bwana Nzanzu alifariki Desemba. Mama Florentine alitutoka Jumapili tarehe 3 Machi 2002, akiwa na miaka thelathini na tisa. Siku tatu kabla, aliniambia kwa sauti ndogo: “Syauswa, kamata kaye. Batatu hapana bado.”

Anaacha mume wake, Mwalimu Benoît. Watoto wake Kambere, Jessica na Mathe. Mama yetu mzazi, Marie-Jeanne. Na sisi ndugu zake watano.

Gari lile liliuzwa, na lingali linafanya kazi, mbao zikiwa madirishani. Baadhi yenu mmelipanda leo kuja hapa.

Nasoma majina aliyoniachia, ya wale abiria ambao hakuwapata. Solange, muuza maharagwe wa Musienene. Jeannine, bibi wa askari, Beni. Grady, ambaye hakusema anatoka wapi. Anayewafahamu awaambie waende kupimwa, hata kama hawakohoi.

Bwana ampe dada yetu pumziko la amani.