Taa ya Mukabera Inakonyeza Mara Tatu

Benchi letu la Kibingo lilikuwa ubao mmoja mrefu wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya ghala la zamani la kahawa, pale njia inapopinda kwenda Murongo. Mwaka huo wa 1997 nilikuwa nauza chai ya rangi pale, na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile tunayoichuma ikiwa bado mbichi, tukaichemsha na majani yenye harufu na kuianika mpaka ikauke. Mwanangu Kemirembe alikuwa na miezi saba, mgongoni. Wateja wangu wa kila siku walikuwa watatu. Mzee Byabato aliitwa Mizani, kwa kuwa miaka mingi ndiye aliyepima kahawa ya watu ghalani. Polikarpi aliitwa Redio, kwa kuwa yake haikuzimwa hata akisinzia. Gosbert fundi baiskeli tulimwita Spoku kwa wembamba wake. Walikuwa watu wema. Nikitaka kunyonyesha, Mizani alinisogezea kigoda chake, akageuka kutazama barabara mpaka nimalize. Nasema hili mapema kwa sababu siku ile waliniogopesha kuliko nilivyowahi kuogopeshwa na mtu.

Niliwakuta asubuhi wameegemeza ngazi ukutani mwa ghala. Ilikuwa ngazi ya kanisani, ile ya kupandia kengele. Nikauliza ya nini. Redio akasema ya kupandia kwa Mukabera.

Mukabera alikuwa mjane, jirani yangu wa bonde la pili. Mama yake alimvusha mto Kagera akiwa mgongoni, miaka ya sitini, na tangu hapo hakurudi ng'ambo hata siku moja. Kaka yake Gaspari alikuwa dereva katika kambi ya wakimbizi, na kambi ilipofungwa aliruhusiwa kuchukua kioo cha umeme wa jua, betri ya gari na taa mbili. Akamfungia dada yake juu ya bati. Taa moja ndani, nyingine juu ya mlango. Hapakuwa na nyumba nyingine yenye taa ya namna hiyo mpaka uende mbali sana.

— Mimi sikatai umeme, alisema Mizani, akitafuna. Ila kile kioo kimeharibu senene.

Tulikuwa Novemba, na senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameanza kushuka. Huku kwetu mke ndiye anayeshika senene, akampelekea mumewe, na mume anamrudishia kitenge. Mizani alieleza kwamba juzi senene wote wa Kibingo waliangukia uani kwa Mukabera, kwenye taa, na nyua zetu zikabaki tupu. Mke wake akaenda kuokota huko, akarudi na nusu debe.

— Nimewala, alisema. Watamu. Sasa kitenge nimpe nani? Mke wangu au kioo?

Spoku alicheka mpaka akaangusha pampu. Nami nilicheka. Nilidhani ngazi ni utani tu.

Kisha Redio akaanza ya kwake. Kuku wa Mukabera hawaingii bandani, wanadhani jua halijazama, na jogoo wake anawika watu wakiwa hawajala chakula cha jioni. Kuku wa jirani wamemsikia, nao wameanza. Jogoo wa Redio mwenyewe sasa anawika saa tatu usiku na alfajiri yuko kimya, mwenye jogoo akachelewa misa Jumapili mbili.

— Umechelewa misa miaka yote, wee Redio.

— Zamani nilichelewa kwa kupenda, Spoku. Sasa nacheleweshwa.

Spoku akasema kuku si kitu. Yeye ameona migomba. Migomba ya shamba linalopakana na Mukabera imeinama upande wa taa, mikungu ni midogo, vidole vyembamba kama vya mtoto. Kioo kinakunywa jua kabla halijafika kwenye majani, alisema. Na mvua hizi zisizokatika, zilizobomoa daraja na kuozesha maharage ya watu shambani, nani aliziona kabla ya kioo kile kupanda juu ya bati?

Mizani aliacha kutafuna. Akainama mbele, na sauti yake ikashuka, nami nikajua utani umekwisha.

— Hayo yote ningeyavumilia, alisema. Kuna lingine. Taa ile inakonyeza.

Nilikuwa namimina chai. Nikaimimina nje ya kikombe.

Alisema ameiona mwenyewe, usiku mara nne. Saa mbili ikifika, taa ya mlangoni inazimika, inawaka. Inazimika, inawaka. Mara tatu, kisha inatulia. Taa mbovu haihesabu, alisema. Yule mwanamke anaongea na watu.

— Na watu gani? aliuliza Spoku.

— Wewe unadhani waliomvamia Kokubanza walielekezwa na nani?

Kokubanza alikuwa na duka dogo kule chini. Mwezi uliopita watu wenye bunduki walivuka mto, wakavunja mlango, wakamfunga kwa kamba za mgomba pamoja na binti yake, wakachukua kila kitu. Mume wake alikuwa safarini. Watu wote walijiuliza wale wezi walijuaje kwamba mume hayupo.

Redio akasema wamekwisha kuongea na mwenyekiti wa kitongoji. Saa kumi alasiri watakwenda, na mgambo wawili. Watashusha kioo, halafu wamuulize Mukabera karatasi zake. Na karatasi hana, kila mtu anajua hana, nani alikuwa anaandika karatasi kwa mtoto wa mgongoni? Basi atarudishwa ng'ambo akajieleze huko.

— Na watoto wake? niliuliza.

— Mama Kemi, watamfuata mama yao, alisema Mizani. Alisema polepole, kama mtu asiyependa anachokisema.

Niliketi kwenye kigoda, nikamtoa Kemirembe mgongoni, nikamnyonyesha ingawa hakuwa na njaa. Mizani aligeuka akatazama barabara. Nilishukuru kwamba haoni uso wangu.

Kwa sababu taa ile ilikuwa inaongea na mimi.

Mume wangu Evaristi alikuwa amekwenda Uganda na biashara ya maharage, wiki ya nne sasa. Alipoondoka alinishika mkono akaniambia, mtu asijue kwamba unalala peke yako na mtoto. Akiuliza mtu, sema nipo shambani, sema nina homa nimelala, sema lolote. Hii ilikuwa kabla ya Kokubanza. Baada ya Kokubanza sikuhitaji kukumbushwa. Nilifunga mlango kwa gogo, nikakaa na panga mapajani, nikisikiliza kila jani la mgomba linaloanguka.

Mukabera peke yake ndiye aliyejua. Sikumwambia. Aliona tu kwamba kwetu moshi wa jikoni unatoka mapema na kuzimika mapema, kama wa mtu anayeogopa giza. Akaja na ndizi, akaketi, hakuuliza kitu. Alipoondoka akasema, saa mbili nitazima taa yangu mara tatu. Ukiwa mzima, inua koroboi lako dirishani mara moja. Usipoinua nitakuja na watoto wangu na kelele zote tulizo nazo.

Tangu siku ile niliweza kupata usingizi kidogo. Mlango wake unatazama mlima wetu. Kila usiku taa ilizimika, ikawaka, mara tatu, nami nikainua koroboi. Mvua zilipozidi na jua likapotea, betri ilikuwa inachoka mapema. Mwanawe mdogo aliniambia kwamba siku za mawingu mama yao anazima taa ya ndani, wanakula gizani, ili umeme ubaki wa kumkonyezea Mama Kemi.

Sasa nifanyeje? Nikisema, nimemwambia kila anayeketi pale, na kila anayepita, kwamba nyumba yangu haina mwanamume. Nikinyamaza, saa kumi wanapanda ngazi. Niliwaza kwamba labda niende kwa mwenyekiti kimya kimya. Lakini mwenyekiti naye ana mke, na mke ana dada, na dada yuko sokoni. Niliwaza hata jambo baya. Kwamba kioo wakishushe tu, Mukabera atajieleza mwenyewe. Halafu nikajua hatajieleza. Angepelekwa mpaka mtoni na asiseme ni nani anayelala peke yake.

Jua lilikuwa limepita utosini. Akamwani ilibaki kidogo chini ya kikapu. Waliendelea, na kila mmoja aliongeza. Redio alisema huenda kioo kinaona chini kama jicho, na watu wa ng'ambo wanatutazama sisi hapa tukiongea. Spoku aliinua macho juu, akavuta kofia. Hakuna aliyecheka. Sasa walikuwa wanaogopa kweli, nami niliwaonea huruma, kwa sababu woga wao ulikuwa uleule wangu.

Ndipo akaja mgeni, anakokota baiskeli yenye pancha. Alisema shikamoo kwa Mizani, akaitikiwa. Alijitaja kuwa Anastazi, mnunuzi wa maharage, mtu wa Bugene. Spoku alilaza baiskeli, akaanza kutafuta tundu kwenye beseni la maji. Mgeni alikunywa chai yangu amesimama, akasikiliza habari yote, ya kuku, ya migomba, ya kukonyeza, akitazama ile ngazi. Alikuwa mtu mpole. Kikombe alinirudishia kwa mikono miwili.

— Mlango wa huyo mama unatazama wapi? aliuliza.

— Mlima ule, alisema Redio, akionyesha kwa kidevu.

— Na mto uko wapi?

Redio alianza kunyoosha mkono, akauacha katikati. Mto ulikuwa nyuma ya nyumba ya Mukabera. Taa ya mlangoni haionekani kutoka mtoni hata ukipanda juu ya mti.

— Basi anaongea na mtu wa huku, alisema mgeni. Anayemjibu ni nani?

Mizani alitazama mlima. Spoku alitoa mkono majini, ukawa unadondosha. Nilisikia Kemirembe akipumua.

— Ni mimi, nilisema.

Walinigeukia wote.

— Anaangalia kama niko salama na mtoto. Namjibu kwa koroboi. Evaristi hayupo, wiki ya nne.

Uso wa Mizani ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na mtoto wake mwenyewe.

— Mama Kemi. Kila siku uko hapa na sisi. Mbona hukutuambia?

— Nilikuwa naogopa, baba.

— Unatuogopa sisi?

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwa mgeni. Nikaona na wao wamemtazama, wote watatu kwa pamoja, kama vile ndiyo kwanza wamegundua kwamba yupo na kwamba amesikia. Anastazi aliinamisha kichwa. Akaomba baiskeli yake. Spoku alimwambia haijakauka gundi. Akasema itakauka njiani, akaondoka akiikokota, hakusema anakwenda wapi, nasi hatukumuuliza. Njia aliyoshika ilikuwa ile inayoteremka mtoni.

Mizani alinyoosha mkono kikapuni kutafuta akamwani ya kutuliza meno. Hakukuwa na kitu. Akapangusa kiganja kwenye suruali, akamwambia Spoku arudishe ngazi ya kanisa. Yeye mwenyewe alikwenda kwa mwenyekiti, akitembea haraka kuliko miguu yake inavyoruhusu. Redio alibaki akanisaidia kubeba birika hadi nyumbani, na njia nzima redio yake ilikuwa imezimwa.

Saa mbili nilikuwa dirishani. Taa ya Mukabera ilizimika, ikawaka, mara tatu, kama kawaida. Niliinua koroboi langu. Kabla sijalishusha, koroboi lingine likainuliwa upande wa kwa Mizani, likakaa juu muda mrefu. Kisha moja kwa Redio. Kisha moja kwa Spoku, kule kwenye kona. Machozi yalinitoka, nikambusu Kemirembe kichwani, nikamwambia tazama, tazama watu wetu.

Ndipo, mbali na langu, nikaona taa ya tano. Ilikuwa chini kabisa, kuelekea mto, mahali pasipo na nyumba, njia ile aliyoteremkia mgeni wa baiskeli. Iliinuliwa mara moja, ikashushwa. Niliweka gogo mlangoni, nikachukua panga, nikaketi.